Vitatange wa Daktari Zuwena

Nilimwapia: ndugu hawa, daktari,
wametoka jabali moja, Mtambwe, asubuhi moja.
Ndivyo alivyonambia Kombo mpiga mbizi,
na Kombo neno halisemi mara mbili.
Wawili, kila mmoja kama sarafu ya mia mbili,
buluu ya wino uliomwagika,
mistari myeupe imepinda ubavuni.
Nikawatia kwenye tangi nililoliunga mwenyewe
kwa vioo vya friji la soda lililokufa;
maana mimi fundi friji, hapa Limbani, Wete,
samaki wamenijia kwa njia ya pampu.

Chumba cha kungojea kina benchi moja
na harufu ya mafuta ya karafuu:
tunazianika barabarani, zikaenda zao,
zinaturudia tone moja kwenye jino bovu.
Watoto hukaa hapo vinywa wazi
wakilisukuma kwa ulimi
jino la utoto lisilotaka kwenda.

Nimepiga magoti nasafisha chujio,
Saumu wa Faki, miaka saba, pengo mbele,
akanambia, "Hawa thi ndugu."
(Sini yake ilikuwa the tangu Jumatatu.)
"Huyu kachorwa miedhi miandamo.
Yule, tadhama hapa karibu na mkia, kachorwa pete."

Nikacheka. Mtu mzima akikosa jibu hucheka.
Mstari ni mstari, mwanangu, nikamwambia.
Akanitazama
kama anavyotazamwa chuoni
anayesoma be na te kwa sauti moja:
bakuli ni lile lile,
nukta ndiyo inayosema.

Ikaja Ramadhani, kila nyumba yataka barafu,
ikapita. Mifungo ikafunguka mmoja mmoja.
Uduvi niliutuma kwa kijana wa baiskeli.
Ramadhani ya pili nayo ikapita,
na Mfunguo Mosi, siku ya sita, simu:
"Fundi, njoo uwatazame ndugu zako."

Wa pete, pete zake zimekatika, zikanyooka,
manjano imeingia katikati kama bizari kwenye wali,
na machoni kajifunga utaji mweusi.
Wa miezi, buluu imemtoka,
kabaki na kijani cha jani lililokaa juani,
madoa, na kwenye mkia, mwandiko:
vijiti, mikunjo, nukta zisizo na herufi.
Benchi zima limeinama kusoma.
Huyu kasema lamu. Yule kasema jina la babu yake.
Mimi nikaona mkia,
wala sikuapa.

Tena wanapigana. Pezi moja limechanika.
Nikakata kioo, nikawatenga,
kila mmoja na upande wake wa maji yale yale.
Nikatoa pesa, nusu ya bei, mkono ukiona haya.
"Weka," akasema Daktari Zuwena, glavu bado mkononi.
"Mwezi uliopita nimeng'oa jino
nikidhani ni la utoto."
Akatazama mlangoni.
"Usimwambie mtu."

Saumu alikuwepo, kamleta mdogo wake.
Meno mapya, makubwa kuliko uso,
kingo zake bado zina mikato.
"Si nilisema?" akasema,
na sini ilikuwa sini, meno yake matatu yote.
Sikucheka mara hii.
Nilimwuliza alijuaje.
"Niliwatazama," akajibu, akaenda zake kununua ubuyu.

Jana Kombo kaleta ndoo.
Watatu, buluu, kila mmoja kama kifungo cha kanzu.
"Aina gani hawa?"
Nikawasha tochi, nikainama mpaka pua ikalowa.
Mwezi? Pete? Kuna mmoja mistari yake haikupinda kabisa,
imesimama wima kama alifu,
na huyo sijawahi kumwona akikua.
Nikabandika karatasi ubavuni mwa ndoo,
nikaandika jina,
kwa penseli.