Konzi ya Habasoda

Trishal, siku ya tisa mvua haijakata.
Monowara anatwanga kitunguu saumu,
manjano kidogo, habasoda konzi moja,
anakanda na pumba na mashudu ya haradali,
madonge anayakausha kando ya jiko.

Muuza dawa kapita na pikipiki:
"Vidonge hivi, mama, wiki moja tu watanona."

Mwaka juzi alivinunua.
Walinona kweli. Kisha wakaugua,
na vidonge vikawa chaki tu majini.
Deni lingali daftarini,
nalo limenona kuwashinda wote.

Baba mkwe, mzee Tofazzal, anacheka barazani:
"Unaunga mchuzi, kitoweo hujakivua!"
Hamjibu. Anarusha donge la kwanza.

Maji kimya.
Mdomo mmoja. Wa pili.
Mara bwawa zima linachemka bila moto,
kambare wanapandiana migongo.

Kumi wamejitenga penye magugu,
mapezi mekundu, hawasogei.
Jana walikuwa kumi na saba,
na aliyeelea alfajiri ni mmoja.

Usiku vidole vinanuka saumu hata mtoni mwa kitanda.
Anavinusa gizani,
anahesabu upya:
kumi na saba, toa mmoja,
toa kumi.
Sita.
Sita wamerudi kula.