Madoa Manne

Gunia la dagaa liliniangukia Kirumba,
Jumanne, mbele ya mizani.
Si kosa la Lugata; kamba ndiyo iliyokatika.
Wiki ya tatu kichwa bado kinagonga,
wakanipandisha Bugando kupigwa picha,
kutafuta damu iliyovuja.

Damu hawakuiona.

Daktari Kokushubira akanigeuzia kioo cha kompyuta,
kichwa changu kimekatwa vipande kama tango,
akasema, "Damu hakuna. Ila kuna haya."
Kalamu yake ikagusa: hapa, hapa, hapa.
Na hapa.
Madoa meupe manne
kandokando ya vidimbwi ambavyo sikujua ninavyo humo ndani.

Ni kama kumtuma mtoto chumvi
akarudi na barua.

"Huenda ni maltipo sklerosisi," akasema
(nikawaza: beki wa kigeni, kasajiliwa na Pamba),
"mwili wenyewe unaguguna ganda la nyaya zake.
Huenda si hiyo. Wako watu wenye madoa
wanaozeeka nayo bila kujua.
Picha inaona doa. Kesho haiioni."
Nikauliza dawa. Akasema tuirudie picha baada ya miezi sita.
Nikauliza, hiyo miezi sita nangoja nini?
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti,
akaifuta kupita uchafu wake.

Tangu siku hiyo napekua miaka yangu
kama mtu aliyepoteza risiti.
Ule mguu wa kushoto uliokufa ganzi wiki nzima,
mwaka wa msiba wa mama: nililaumu viatu.
Lile jicho lililouma kila nikiligeuza,
nyekundu yote ikapauka kama kanga ya kudekia:
nililaumu moshi wa kubanika sangara.
Na kama kweli vilikuwa viatu?
Mguu ule hauna picha.
Moshi ule hauna picha.

Masalu anasema, usingepigwa ile picha ungekuwa mzima.
Anasema kwa upendo, anamenya viazi,
maganda yanatoka mazito kuliko kawaida yake.
Nyanzala anasema, lishukuru gunia.
Usiku maneno yao yananilalia huku na huku,
mimi katikati, shuka haitoshi.

Nyumba yetu Igogo iko chini ya jiwe,
jiwe kubwa kuliko nyumba, limekaa juu ya jingine
kama lililoambiwa subiri hapo.
Miaka kumi na moja naanika sare za watoto ubavuni mwake,
sijawahi kuliangalia.
Jana nilichukua futi kamba ya fundi
nikapima ufa uliopo chini yake.
Vidole viwili na ushee.
Kisha nikaona haya, nikairudisha kabla hawajatoka shule.

Leo hakuna mwezi.
Ziwa limekuwa jeusi kama ile picha,
na taa za wavua dagaa zimetoka.
Nahesabu. Nne, ng'ambo ya Saanane.
Halafu tano.
Au mwanzo niliruka moja.

Bugumba anauliza kutoka ndani, mama, unahesabu nini?
Namwambia, magunia ya kesho.

Ndani ya kandambili
nakunja kidole gumba cha mguu wa kushoto.
Kinasikia.
Nakikunja tena.