Usikune Hadi Kifuu

Miaka kumi na tisa, soko la Chake,
nazi naitikisa kwa sikio la kushoto:
maji yakicheka, naiuza;
yakinyamaza, naitupa kando.
Mwaka huu zikanyamaza zote.
Nikagombana na wakwezi.

Picha ya kichwa nikapigwa Unguja.
Daktari Khelef akanionesha doa jeupe
juu ya mshipa wa kusikia,
dogo, si refu kuliko punje ya karafuu.
"Si saratani," akasema, "ila halirudi nyuma."
Nikauliza kama muuzaji: bei yake?
"Nikiliondoa lote, sikio laweza kwenda nalo.
Nikibakisha utando, huenda likapona.
Na jirani pale upo mshipa wa uso,
nao hautaki kuguswa."

Nikamwambia, Daktari, mie mkunaji.
Ukikuna hadi kifuu tui hugeuka jeusi.
Bakisha.

Saa saba waliniinamia.
Wanasema kimashine kilikuwa kikiliita sikio langu,
tik, tik,
nalo likiitika,
mie mwenyewe sina habari.

Nimeamka, ukuta umelala upande.
Mgonjwa wa kitanda cha pili anasema kitu,
naona midomo tu.
Mwanangu Mgeni akafungua kikapu,
akatoa nazi ya Vitongoji, imefuliwa ovyo,
nyuzi zinaning'inia,
akaitikisa kushotoni.

Mbali,
kama mtu anatawadha chumba cha tatu,
maji.

Si kama zamani.
Nikasema: hii nzima. Usiiuze.