Daftari la Malalo

Jalada la kijani limechanika,
daftari la hesabu la mjukuu wangu, darasa la tatu,
jina lake nimelifuta kwa mate.
Ndani nimewalaza watu arobaini, masiku manne,
kabla hata mmoja wao hajatafuta ndara zake.

Kutoka Kengeja mpaka kaburi la Sharifu, kule Msuka,
nia hutiwa moyoni, miguu ikaitika.
Lakini miguu nayo huuliza: na usiku, utatuweka wapi?

Wa kwanza, Mtambile. Chuoni kwa Maalim Sharboo.
"Wanaume sakafuni, haidhuru. Wanawake?"
Nikanyamaza, nikisikia vocha inavyokwisha.
"Basi mke wangu atahamia kwa dada yake,
na mbuzi watalala nje."
Nikaandika: wanawake kumi na tisa.
Nikaandika: mbuzi, mtuwie radhi.

Wa pili, Chake. Faki anataka gesti,
yenye feni, na kisabuni kilichovikwa karatasi.
Nikamwambia: Faki, ziara ina feni?
Akasema: na wewe, Bi Mize, ziara ina daftari?
Hapo alinipata.
Nikamwandikia baraza ya msikiti, upande wa upepo.

Mzee Shaame awe mbali na watu:
akikoroma ni kama anaburuta kitanda.
Raya ana mimba ya miezi mitano, awe karibu na choo.
Mabinti wa Riziki wasitenganishwe,
wala wasilale chumba kimoja na shangazi yao.
Sababu naijua. Sikuiandika.

Wa tatu ndio ulioninyima usingizi. Ole.
Miaka yote ni kwa Bi Mkasi, uani, juu ya majamvi.
"Mize, mwaka huu mikarafuu imetapika.
Jamvi langu, la jirani, la msikitini,
hata ule mkeka wa maiti, Mungu anisamehe,
vyote vimeanikiwa. Sina pa kumlaza paka."

Nikapiga simu nne nyingine palepale Ole.
Karafuu. Karafuu. Karafuu.
Wa nne hakupokea: yuko juu ya mti.
Mgeni, wamesema, siku mbili, ya tatu mpe jembe;
sisi hatukuomba hata hizo mbili,
tumeomba giza moja tu.

Usiku wa manane simu ikalia.
"Mize, tu wajinga sote wawili!
Karafuu hazilali nje, zaogopa umande.
Magharibi twazizoa, zikaingia ndani,
jamvi likabaki tupu linatazama nyota.
Njooni mlale mahali pake.
Ila jua likichomoza, ninyanyukieni,
hapo si penu tena."
Nikaandika: Ole, arobaini, kwa zamu na karafuu.

Wa nne, Konde. Namba ileile ya miaka yote,
sauti si ileile. Ya mtoto.
"Bibi amekufa, Shaabani. Nyie ndio wale wa miguu?
Alisema ndoo ya buluu ndiyo yenu,
nyeupe ina ufa."
Hapo niliweka kalamu chini.

Tukaenda, tukafika. Kaburini mtunzaji akanusa,
akauliza: nani kafukiza kitu gani?
Tukatazamana. Migongo yetu imechorwa ukili wa jamvi,
na kikonyo kimoja kimenasa nyweleni mwa Faki.

Akanisogelea baada ya dua, kwa sauti ya chini.
"Bi Mize, na kurudi?"
Yaa Rabi. Kurudi!
Nikafunua kurasa, moja baada ya moja, mpaka nyuma,
nikakuta mwandiko wa mjukuu:
saba mara sita, arobaini na moja.
Mwalimu kaikata kwa wino mwekundu.
Nikahesabu vichwa pale kivulini.
Arobaini. Na mimi,
ambaye sikumo katika mstari wowote,
na kila usiku mtu alisogea kidogo.