Herufi za Mfongo

Nilianza na I,
maana I haina ubishi:
mstari mmoja, wima,
unene wa njiti ya kiberiti.

Kisha O. Bikari ilidai duara kamili
nami sikuwa na pa kuliweka.
Nikalikata kama chungwa,
nusu juu, nusu chini,
kati nikasimamisha nguzo mbili.
Bado ni O. Inapumulia juu.

S ilinila wiki mbili
na mvua zote za Aprili.

Mteja wa kwanza, Elifuraha, fundi saa,
kibanda chake pale Majengo
kimebanwa na duka la dawa na muuza vitenge:
upana wa mlango, na kiwiko.
Alitaka MATENGENEZO YA SAA NA MIWANI,
na namba ya simu, na ya mkewe.
Nikayaingiza yote mstari mmoja.
Akavuka barabara, akageuka, akakunja uso.
"Dada, herufi zako zina njaa.
Kutoka huku naona kitana."

Kweli. Nilichora herufi,
sikuchora hewa iliyo kati yake.
Nikalishusha bango.
Usiku nikaisogeza N mbali na G
kwa upana wa unywele,
nikailegeza miguu ya M,
nikazibana A, maana lugha yetu imejaa A
na kila moja huacha uwazi mabegani.
Namba ya mke ikabaki nje. Hakuuliza.

Sasa zinakaa kwenye mgongo wa kitabu cha hesabu,
kwenye lebo ya dawa ya kikohozi,
kwenye risiti za mashine ya kukoboa kahawa.
HATARI UMEME siandiki.
Kazi hiyo nampa Kundaeli, mwenye brashi nene.

Nimeziita Mfongo.
Aliyekulia Uru anajua:
mfereji mwembamba, upana uleule
toka kwenye banio hadi mgomba wa mwisho.
Babu alikuwa na kihamba,
wanawe watano wakakigawa,
kaka zangu wakakigawa tena.
Leo ukinyoosha mikono
unagusa migomba ya watu wawili.
Mpakani masale yamesimama wima,
membamba, hayasukumani.
Mimi binti sikupewa ukanda.
Nilipewa macho ya kupima.

Mama alipofariki, Anaeli alileta msalaba,
mkono wake shubiri mbili tu.
"Fupisha," alisema. "Weka N.A., inatosha."
NDESHUKURWA AIKARUWA.
Herufi kumi na tisa, W mbili kati yake,
na W haikubali kubanwa, ni kama mama mwenyewe.
Nikapiga magoti kwenye majani ya migomba,
rula, penseli, rangi nyeupe ya mafuta.

Limeingia.
A ya mwisho imegusa ukingo wa ubao.
Ningeweza kuirudisha ndani kidogo.
Nimeiacha.