Wa Mia Nane na Kumi na Moja

Kwenye feri ya Likoni, kabla hakujapambazuka,
mzee wa mkokoteni wa mihogo aniuliza
huu mfuko mgongoni una gambusi au udi,
na leo nakwenda kupiga harusi ya nani.
"Ya watu, baba," namwambia. "Ya watu wa mbali."
Ndani mna raketi nne: mbili nzima,
moja ina ufa nilioufunga kwa utepe wa fundi bomba,
ya nne iko uchi, sina nyuzi za kuivika.

Mimi Mejumaa binti Mwakoyo, wa Mtongwe,
ni wa mia nane na kumi na moja duniani
kwa orodha iliyotoka Jumatatu.
Jumatatu ya nyuma nilikuwa wa mia saba tisini na nne.
Sikucheza. Sikushindwa.
Nililala nikaamka nimeshuka,
maana pointi ni kama tui, haiwekeki:
mwaka ukitimia, yachacha.

Mama aliweka mwiko chini.
"Wa mia nane katika wangapi?"
Katika wanawake wote wanaoishi kwa raketi, mama.
Akahesabu Mtongwe, akahesabu Shelly,
akenda na vidole mpaka Ukunda, vikamwishia.
"Na bado wanuna?"
Sikumwambia kwamba wa mia mbili ndiye anayeshiba,
sisi wa nyuma twala kwa macho.

Mwalimu wangu alikuwa ukuta,
wa ghala la majani chai, Shimanzi, baba alikolinda usiku.
Ulichorwa mwanamke wa tangazo la sabuni, anacheka.
Nilimng'oa meno yote kwa mpira wenye upara.
Ukuta haukosi, hauchoki, haukupi hongera;
ukiupa hasira, hasira yako hiyo,
ipokee.

Monastir nililala chumba kimoja na Ketevan,
tugawane bei. Tukafua soksi kwenye sinki moja,
usiku ratiba ikatoka: mimi na yeye, uwanja wa saba.
Seti ya tatu, saba kwa sita, yake.
Aliyelia ni yeye. Mimi niliyeshindwa
ndiye niliyembembeleza.
Dola mia na kumi na nane:
toa nyuzi, toa chumba, toa dawa ya goti,
ilobaki ni nauli ya kufika uwanja wa ndege.
Simu ikawaka. Mtu nisiyemjua, wa mji nisioujua,
alimtukana mama kwa kuwa aliniwekea kamari.
Nikamjibu: Pole. Hata mimi nilikuwa nimeweka changu.

Nikirudi, Nyali, nafundisha wageni wa hoteli kushika mpini.
Mmoja, bega bovu, moyo mzuri,
aliniuliza kama nimewahi kufikiria mashindano.
Nikamwokotea mipira.

Lakini Antalya, mwezi wa pili, baridi ya kukata masikio,
nishapoteza seti, nishaanza kupanga begi kichwani,
ulikuja mpira wa chini, wa kuudhi,
nikaupiga mkono wa nyuma bila kuufikiria.
Ukapita pembeni ya binti wa watu, ukalamba mstari.
Paka wa uwanja aliinua kichwa.
Mwamuzi alisema hesabu tu, kama karani wa benki.
Nilisimama pale zaidi ya ninavyoruhusiwa,
mkono ukiwa bado hewani,
sitaki kuushusha.
Kisha nikashindwa, sita kwa mbili.
Huo mpira ninao. Hauchachi.

Feri yagonga gati, mnyororo walia, watu wasukumana.
Mzee ashika mkokoteni wake, ageuka:
"Na bibi harusi mwenyewe ni nani?"
"Sijamjua, baba.
Ratiba hutoka usiku."