Athari Mbili

Ukurasa wa kwanza wa daftari la babu Muhanna,
wino umegeuka rangi ya chai iliyolala:
mitende thelathini na mmoja, mabsli na khalasi,
ukuta wa udongo upande wa jabali,
na athari mbili za maji ya falaji
kila usiku wa nane.
Wakfu. Haliuzwi shamba hili, halirithiwi, halitolewi tunu.
Tunda lake ni futari ya msikiti na usafi wa mfereji,
na kinachobaki, kizazi hata kizazi,
*kwa mwenye haja katika wanangu, si kwa mwenye hamu.*

Daftari nilipewa mimi, Thuweiba,
mzaliwa wa Wete, mzee wa Samad,
kwa kuwa nilikaa benki ya Ruwi miaka ishirini na sita
nikihesabu fedha za watu
na mkono wangu haukurefuka.

Rajabu wakaja na gari jeupe na keekee.
Wakatoboa nyuma ya ukuta siku tatu,
wakatoa jiwe refu kama mchi,
mishipa ya kijani imelizunguka.
Monir, anayetupandia mitende tangu atoke Chittagong,
akaligusa, akaniuliza kama linaumwa.
Shaba, wakasema.

Basi kundi la ukoo kwenye simu,
lililozoea tanzia na Idi mubaraka,
likaamka usiku mmoja na wajumbe mia na arubaini.
Azzan wa Seeb akatuma picha ya nyumba yenye nguzo.
Wa Dubai akagawa mafungu kwa jedwali, akajianza yeye.
Na mmoja, jina lake silijui hadi leo,
akaandika kutoka Mkoani:
Na sisi tuhesabiwe, bibi yetu alikuwa Salha.

Sitasema uongo, na mimi nilipiga hesabu.
Nyuma ya risiti ya duka la dawa
nilizidisha, nikagawa, nikapata goti jipya,
deni la mwanangu Yaarub limelipwa lote,
na chenji imebaki.
Kisha nikaichana ile risiti,
halafu nikaiokota vipande, nikavitia mkobani.

Mwanasheria kasema: cha chini ni cha serikali,
cha juu ni cha wakfu, na fidia ni ya cha juu.
Sheikh kasema: ikibidi,
ardhi kwa ardhi, maji kwa maji.
Si ardhi kwa gari, mwanangu.
Nikamuuliza, na maji nayanunua wapi
yenye umri kama haya?
Akanyamaza, akanimiminia kahawa ambayo sikuiomba.

Barua ya kampuni ina kurasa arubaini.
Naifasiri polepole kwa ajili ya wa Wete na Mkoani.
*Tathmini ya athari,* ndicho kichwa chake.
Nikacheka peke yangu jikoni.
Kwao athari ni doa, ni vumbi, ni mtikisiko wa ukuta.
Kwetu athari ni nusu saa ya maji,
iliyopimwa kwa nyota kabla ya saa kufika bondeni.
Ukurasa wa kumi na tisa wameandika:
*athari kwa falaji, ndogo.*
Ndogo! Tunazo mbili tu.

Leo ni usiku wa nane.
Nimeshika tochi, goti langu lanung'unika.
Monir anaziba mfereji wa jirani
kwa matambara na kile kipande cha shaba walichotuachia.
Kizito, hakisogezwi na maji,
kazi hiyo anaijua vizuri.
Maji yanakuja yakisukuma majani makavu mbele yake,
yanaingia kwenye mtende wa kwanza, wa pili.

Simu mfukoni inatetemeka.
Kumi na moja. Kumi na mbili.
Barua sijaijibu.
Naandika tarehe, naandika: *zimefika, zote mbili.*